Somo kwa Makatibu: Kumtambulisha Mgeni kwa Kihispania



Kazi ya katibu wa chama haiishii katika kuandika kumbukumbu za mikutano na kutunza daftari la wanachama. Siku mgeni anapofika, katibu ndiye mlango wa chama. Yeye ndiye asemaye, "Huyu ni fulani, na kazi yake ni hii." Maneno hayo ni machache, lakini chama chote hupimwa kwayo. Amtambulishaye mtu kwa jina lisilo lake, au kwa cheo kisicho chake, amemvunjia heshima kabla hajaketi.

Tuliwahi kushuhudia jambo la namna hiyo katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatukitaji kwa sababu kosa lile lingeweza kumpata yeyote kati yetu. Walitarajiwa wageni wawili, wakulima wa kahawa kutoka Amerika ya Kusini. Katika barua yao, jina la kwanza lilikuwa Rosario Ramírez Flores, mwenyekiti. Katibu alikuwa ameambiwa kwamba majina ya Kihispania yanayoishia na o ni ya wanaume. Basi akaandika kadi ya kuweka mezani: "Bwana Flores, Mwenyekiti." Wageni walipoingia, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, alimwendea mwanamume, akamtambulisha kwa wajumbe wa Bodi kuwa ndiye Bwana Flores. Yule alikuwa mhasibu. Mwenyekiti mwenyewe, mama wa makamo, alibaki amesimama kando, mkono ameunyoosha, na hapakuwa na wa kuupokea. Baadaye aliichukua ile kadi, akaigeuza, akaandika jina lake upande wa nyuma na kupiga mstari chini ya neno Ramírez. Hakulalamika. Lakini wanachama wanawake waliokuwa wameketi nyuma waliyaona yote.

Makosa yalikuwa mawili. Rosario ni jina la kike, na Flores silo jina la kumwitia. Somo hili limekusudiwa kuwakinga makatibu wetu na makosa ya aina hiyo, na kuwapa maneno machache ambayo kila chama kinaweza kujifunza kwa jioni mbili au tatu.

1. KIHISPANIA NA USHIRIKA

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi zipatazo 20. Husemwa Hispania kwenyewe, Meksiko, Kuba, nchi nyingi za Amerika ya Kati na ya Kusini, na hapa Afrika katika Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Ni moja kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa.

Kwa wanaushirika lugha hii ina uzito wa pekee. Ushirika maarufu wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania, ulianza mwaka 1956 kwa kiwanda kidogo cha majiko ya mafuta ya taa. Wakulima wa jimbo la Oaxaca, Meksiko, waliojiunga katika muungano uitwao UCIRI, ndio ambao kahawa yao ilifungua soko la alama ya Max Havelaar nchini Uholanzi mwaka 1988. Katika soko hilo la biashara ya haki, vyama vikuu vya Kagera na Kilimanjaro navyo vimeuza kahawa. Kadhalika, mwaka 2017 Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulimchagua Ndugu Ariel Guarco wa Ajentina kuwa Rais wake. Basi si ajabu kwamba katika mikutano na ziara za mafunzo tunakutana na wenzetu wasemao lugha hii.

2. MATAMSHI

Msemaji wa Kiswahili anaanza akiwa na mtaji. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa kama zetu. Maneno mucho gusto, yaani "nimefurahi kukufahamu", husomwa kama yalivyoandikwa. Tofauti zilizopo ni hizi:

ñ ni ny. Señor hutamkwa senyor.
ll aghalabu ni y. Llamo hutamkwa yamo.
h haitamkwi. Hernández hutamkwa Ernandes.
j ni kh, kama katika Khamis. Jiménez hutamkwa Khimenes. Herufi g ikifuatwa na e au i hutamkwa vivyo hivyo. Gerente, yaani meneja, hutamkwa kherente.
qu ni k. Quispe hutamkwa Kispe.
z, na c ikifuatwa na e au i, ni s huko Amerika. Sehemu kubwa ya Hispania ni th, kama katika thelathini.
v hutamkwa kama b.

Kuhusu mkazo, neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili. Likiishia kwa herufi nyingine, mkazo huwa mwishoni: señor, usted. Panapokuwa na alama juu ya irabu, kama katika García, mkazo huwa hapo hapo. Kwa hiyo alama hiyo si pambo. Katibu anayeandika jina la mgeni aiandike.

3. JINA LA MTU

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Sisi tumezoea kwamba mtu ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu au la ukoo, na kwa hiyo katika orodha hulichukua neno la mwisho. Kwa wasemaji wa Kihispania desturi ni nyingine. Mtu huwa na jina lake mwenyewe, moja au mawili, kisha majina mawili ya ukoo. La kwanza kwa kawaida ni la ukoo wa baba, la pili ni la ukoo wa mama. Anapoitwa kwa heshima, hutumika lile la kwanza. Kwa hiyo Rosario Ramírez Flores ni Señora Ramírez. Katika faili huwekwa chini ya herufi R. Ukimwandikia barua "Señora Flores", umemwita kwa ukoo wa mama yake peke yake.

Mfano mzuri ni wa mwanzilishi wa Mondragón, Padri José María Arizmendiarrieta Madariaga, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1976. Arizmendiarrieta ni ukoo wa baba, Madariaga ni ukoo wa mama. Nacho kiwanda cha kwanza kiliitwa Ulgor, jina lililoundwa kwa herufi za koo za vijana watano walioanzisha: Usatorre, Larrañaga, Gorroñogoitia, Ormaechea na Ortubay. Koo zilizotumika ni zile za kwanza, ambazo kila mmoja wao aliitwa kwazo.

Tuangalie pia jina José María. Lina neno María ndani yake, lakini ni jina la mwanamume. María José ni jina la mwanamke. Linalotangulia ndilo liamualo. Hali kadhalika, Rosario, Consuelo, Amparo na Socorro ni majina ya kike ingawa yanaishia na o, na Guadalupe laweza kuwa la mwanamume au la mwanamke. Kwa hiyo katibu asikisie kwa herufi ya mwisho. Aulize mapema, kwa barua au kwa simu.

Desturi hii haifanani kila mahali. Nchini Ajentina watu wengi hutumia ukoo mmoja tu. Hispania, tangu sheria ya mwaka 1999, wazazi waweza kuamua ukoo upi utangulie. Katika baadhi ya nchi za Amerika mwanamke aliyeolewa huongeza neno de na ukoo wa mumewe. Nao wasemaji wa Kireno, kama Wabrazili, kwa kawaida hutanguliza ukoo wa mama na kumalizia na ule wa baba. Kwao neno la mwisho ndilo la kuitia. Asiyejua atumie sentensi hizi tatu, ambazo hazimwaibishi mtu:

¿Cuál es su primer apellido? Jina lako la kwanza la ukoo ni lipi?
¿Cómo se escribe? Linaandikwaje?
¿Cómo se pronuncia? Linatamkwaje?

Jambo hili lina matokeo hata katika fedha. Jina lililo kwenye barua ya mwaliko, kwenye chumba cha wageni na kwenye hati ya benki yapasa lilingane na lile la pasipoti. Katika pasipoti za nchi hizo utaona neno Apellidos, yaani majina ya ukoo, na Nombres, yaani majina ya mtu mwenyewe. Nakili yote kama yalivyo, usipunguze hata moja.

4. MANENO YA HESHIMA

Señor ni bwana, señora ni bibi, señorita ni msichana. Kwa mwanamke mtu mzima, señora ndilo neno la usalama. Maneno hayo hutangulia ukoo: Señor García. Don na doña hutangulia jina la mtu mwenyewe: don Luis, doña Rosa. Yana heshima pamoja na mazoea, karibu kama sisi tunavyosema "Mzee Juma" au "Bi Fatuma".

Katika nchi nyingi za Amerika taaluma ya mtu nayo ni cheo cha kuitia. Bwana shamba mwenye shahada huitwa ingeniero. Ukimwita hivyo umempa haki yake.

Compañero, na kwa mwanamke compañera, ni neno la wanaushirika na wanaharakati, lililo karibu na "Ndugu" yetu. Lakini tahadhari: mi compañera laweza kueleweka kuwa "mwenzangu wa maisha". Unapomtambulisha mfanyakazi mwenzako, sema mi compañera de trabajo, mwenzangu wa kazi.

Kuna "wewe" ya heshima, usted, na "wewe" ya mazoea, tú. Anza na usted kwa kila mtu mzima. Wanaushirika wa Hispania huhamia tú upesi; Kolombia na Kostarika usted husikika hata kati ya marafiki; Ajentina na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati husema vos badala ya tú. Mwachie mgeni abadilishe yeye kwanza.

Vyeo vya chama ni hivi: presidente au presidenta, mwenyekiti, secretario au secretaria, katibu, tesorero au tesorera, mweka hazina, gerente, meneja, vocal, mjumbe, socio au socia, mwanachama. Chama cha msingi ni cooperativa de primer grado, na chama kikuu ni cooperativa de segundo grado. Mkutano Mkuu ni asamblea general.

5. KUTAMBULISHA

Sentensi kuu ni moja: Le presento a..., yaani "Namtambulisha kwako...". Ukiwaambia watu wengi, sema Les presento a... Kwa rafiki wa karibu, Te presento a...

Hapa pana mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Sisi twasema, "Ndugu Juma, nakutambulisha kwa Mwenyekiti." Mwanafunzi, kwa kuwa amefundishwa kwamba neno a mara nyingi ni "kwa", atamgeukia Juma na kusema, Le presento a la presidenta, akidhani amemtambulisha Juma kwa Mwenyekiti. Sivyo. Amemtambulisha Mwenyekiti kwa Juma. Neno le ni yule unayesema naye. Neno a hapa ni alama tu itanguliayo mtu anayetambulishwa.

Kosa hilo hugeuza heshima juu chini, kwa sababu desturi yao hufanana na yetu: mdogo hutambulishwa kwa mkubwa, na wenyeji hutambulishwa kwa mgeni wa heshima. Kwa hiyo mgeukie kwanza yule wa kupewa heshima, mwite kwa jina au cheo, ndipo useme le presento a, na kumtaja mwingine.

Unapomtaja mtu kwa señor au señora, tanguliza el au la. Na a ikikutana na el huwa al: Le presento al señor Torres. Unapomwita mwenyewe, el na la huondoka: Buenos días, señor Torres.

Anayetambulishwa hujibu Mucho gusto. Neno hili halibadiliki, asemaye awe mwanamume au mwanamke. Waweza pia kusema Encantado ukiwa mwanamume, Encantada ukiwa mwanamke. Hapo huangaliwa asemaye, si anayeambiwa. Neno la kukaribisha ni kinyume chake, hufuata mgeni: Bienvenido kwa mwanamume, Bienvenida kwa mwanamke, Bienvenidos kwa wengi. Ukiambiwa Mucho gusto, jibu Igualmente, "nami vivyo hivyo", au El gusto es mío, "furaha ni yangu".

6. MAZUNGUMZO

Ofisini kwa chama cha msingi. Wamefika wageni wawili kutoka Peru. Soma kwa sauti, kila mmoja na nafasi yake.

KATIBU: Buenos días. Bienvenidos. Soy Joseph, el secretario de la cooperativa. ¿Cómo se llama usted?
Habari za asubuhi. Karibuni. Mimi ni Joseph, katibu wa chama. Unaitwa nani?

MGENI: Buenos días. Me llamo Rosa Martínez Quispe. Soy la tesorera de una cooperativa de café.
Habari za asubuhi. Naitwa Rosa Martínez Quispe. Mimi ni mweka hazina wa chama cha ushirika cha kahawa.

KATIBU: Mucho gusto, señora Martínez. Le presento a nuestra presidenta, la señora Fatuma Saidi.
Nimefurahi kukufahamu, Bibi Martínez. Namtambulisha kwako Mwenyekiti wetu, Bibi Fatuma Saidi.

MGENI: Mucho gusto, señora presidenta.
Nimefurahi kukufahamu, Bibi Mwenyekiti.

MWENYEKITI: El gusto es mío.
Furaha ni yangu.

MGENI: Le presento a mi compañero de trabajo, el ingeniero Luis Torres Huamán.
Namtambulisha kwako mwenzangu wa kazi, bwana shamba Luis Torres Huamán.

MWENYEKITI: Mucho gusto, ingeniero.
MGENI WA PILI: Encantado.

KATIBU: Señora Martínez, ingeniero Torres, les presento a los socios.
Bibi Martínez, bwana shamba Torres, nawatambulisha kwenu wanachama.

Angalia kwamba katibu, aliposikia majina matatu, alichukua lile la kati. Angalia pia kwamba alimgeukia mgeni kwanza, kisha akamtaja Mwenyekiti wake.

7. ADABU ZA MKONO

Katika shughuli rasmi watu hupeana mikono. Lakini wasemaji wengi wa Kihispania, mwanamke kwa mwanamke au mwanamke kwa mwanamume, hubusiana shavuni: mara mbili nchini Hispania, mara moja katika nchi nyingi za Amerika. Hilo si utovu wa adabu, ni salamu tu. Asiyependa, au ambaye dini yake haimruhusu, anyooshe mkono mapema, au aweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Mgeni ataelewa. Yafaa katibu awaeleze wazee wa chama jambo hili kabla, wasije wakashtuka mbele ya watu.

Jambo jingine ni salamu zenyewe. Sisi huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za safari. Wao huishia kwa ¿Cómo está usted? na Muy bien, gracias, ¿y usted? Tusiwadhanie kuwa na haraka au baridi. Nasi tukiendelea kuuliza kwa upole kupitia mkalimani, wengi hufurahi.

8. ZOEZI LA VIKUNDI VYA KUJISOMEA

(1) Mgeni anaitwa Consuelo Núñez Vargas. Utaandika nini kwenye kadi yake, na barua zake utazihifadhi chini ya herufi gani?
(2) Wewe ni mwanamke. Umetambulishwa kwa mgeni. Toa majibu mawili yafaayo.
(3) Mtambulishe kwa Señora Núñez meneja wenu, Bwana Juma.
(4) Mgeni wa Kibrazili anaitwa João Silva Pereira. Ni jina lipi la kuitia?

Majibu: (1) Señora Núñez, herufi N. (2) Mucho gusto, au Encantada. (3) Señora Núñez, le presento a nuestro gerente, el señor Juma. (4) Kwa kawaida Pereira. Hata hivyo, ulizeni.

Ndugu Katibu, wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huja na habari za soko, za mbegu, za namna wenzetu wanavyogawana faida na kusimamiana. Lakini hatazitoa kwa chama ambacho hakikujishughulisha hata kujua anaitwa nani. Chukueni karatasi, waandikeni wageni mnaowatarajia, pigeni mstari chini ya jina la ukoo, na mlisome kwa sauti mpaka liwakae ulimini. Mgeni wenu anayefuata asigeuze kadi.